Jumamosi ya Mwanafunzi Mjini London: Mchana Kutazama Mji, Usiku Kucheza Dansi

Vijana wa Kenya waliovuka bahari kwenda Uingereza kutafuta elimu katika miaka ya 1950 walikwenda kwa jasho la watu wengi. Wengine walilipiwa na Serikali, wengine na misheni, na wengine walilipiwa na wazee wao waliouza ng'ombe au kukodisha shamba. Kwa hiyo kila barua iliyotoka nyumbani ilikuwa na swali moja kubwa: je, kijana anasoma? Naye kijana alijibu kwa kueleza masomo yake, mitihani yake na baridi ya nchi ile. Habari za Jumamosi aliziandika kwa ufupi, au hakuziandika kabisa, kwa maana alijua ya kuwa mzee akisoma neno "dansi" atadhani ng'ombe wake wamekwenda bure.

Hata hivyo Jumamosi nayo ilikuwa siku ya masomo, ila masomo yake hayakuwa na mwalimu wala mtihani wa karatasi. Mchana mwanafunzi alitembea akautazama mji mkuu wa dola iliyokuwa ikiitawala nchi yake. Usiku alikwenda kucheza dansi pamoja na watu wa mji huo. Katika mambo hayo mawili aliwaona Waingereza jinsi walivyo nyumbani kwao, na mara nyingi sivyo alivyokuwa amewaona Nairobi au Nakuru.

Mwanafunzi anayeelezwa hapa si mtu mmoja mwenye jina. Ni mfano wa wengi waliokuwa London kati ya mwaka 1955 na 1960, na mahali panapotajwa ni mahali pa kweli.

KUFIKA, NA KUHESABU FEDHA

Wengi wa wanafunzi hao walipanda meli Kilindini, wakapita Bahari ya Sham na mfereji wa Suez, na baada ya majuma kama matatu wakashuka Uingereza. Mfereji ulipofungwa kwa vita vya mwishoni mwa mwaka 1956, meli zilizunguka kwa njia ndefu ya Rasi ya Tumaini Jema mpaka mfereji ulipofunguliwa tena mwaka 1957. Wachache walikwenda kwa ndege.

Tangu mwaka 1950 kazi ya kuwaangalia wanafunzi waliotoka katika makoloni ilikuwa mikononi mwa British Council. Shirika hilo liliwapokea wageni, likawatafutia vyumba, na kuwafundisha desturi za nchi: jinsi ya kupanda treni, jinsi ya kushika nafasi katika mstari, jinsi ya kuitikia mwaliko wa chai. Katika mtaa wa Hans Crescent, karibu na Knightsbridge, palikuwa na nyumba kubwa ya wanafunzi, na humo yalifanyika mazungumzo, michezo na dansi.

Fedha hazikumsumbua mgeni wa Kenya kwa hesabu, kwa sababu shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa sawa kwa thamani na shilingi ya Kiingereza, na shilingi 20 zilifanya pauni moja. Jambo lililomchanganya lilikuwa senti. Kwetu shilingi iligawanyika kwa senti 100, lakini kwa Waingereza iligawanyika kwa peni 12, na pauni nzima ilikuwa peni 240. Waingereza wenyewe waliiacha hesabu hiyo tarehe 15 Februari mwaka 1971. Lakini hata aliyeijua hesabu aligundua upesi ya kuwa fedha zake ni chache. Alipokwisha kulipa chumba, chakula, vitabu na makaa ya kuota moto, kilichobaki kwa Jumamosi kilikuwa shilingi chache tu. Kwa bahati njema, mambo mengi ya kutazamwa London hayakuwa na kiingilio.

WAZUNGU WENYE VIKAPU KICHWANI

Aliyeondoka chumbani mapema alipitia Covent Garden, soko kuu la mboga, matunda na maua, ambalo lilikuwa katikati ya mji mpaka lilipohamishiwa Nine Elms mwaka 1974. Kazi ya soko hilo ilianza kabla ya mapambazuko, na mtoto wa mkulima alijiona yuko nyumbani kidogo alipoona kabeji, viazi na vitunguu vikishushwa kutoka katika malori. Kilichomsimamisha ni wachukuzi. Walikuwa Wazungu, na walibeba vikapu vichwani, kimoja juu ya kingine, wakapita katika msongamano bila kuangusha kitu.

Katika Kenya ya siku zile ilikuwa vigumu kumwona Mzungu akifanya kazi ya mikono isipokuwa kuwasimamia wengine. Huko London kijana aliwaona Wazungu wakifagia barabara, wakizoa taka, wakipaka viatu rangi, na wakiuza magazeti kwenye mvua. Hakuna aliyemweleza maana yake, wala haikuhitajika. Aliyekuwa ameambiwa tangu utoto ya kuwa kazi fulani zimeumbwa kwa rangi fulani aliona kwa macho yake ya kuwa sivyo. Zimegawanywa na wanadamu, na wanadamu wakitaka huweza kuzigawanya upya.

Kutoka hapo alipanda basi jekundu la orofa mbili. Wageni wote walipenda kukaa orofa ya juu, mbele kabisa, mahali pa kuona mji. Basi lililopita njia ya Strand lilikaribia Aldwych, ambako nyuma yake ipo London School of Economics. Katika chuo hicho Jomo Kenyatta alisoma elimu ya mila za makabila katika miaka ya 1930 chini ya Profesa Bronislaw Malinowski, na kitabu chake juu ya maisha ya Wakikuyu kikachapishwa mwaka 1938. Katika chuo hicho hicho Mwai Kibaki alisoma uchumi mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakati basi hilo likipita, mmoja wa watu hao alikuwa kifungoni kaskazini mwa Kenya, na mwingine alikuwa akiandika insha zake. Wote wawili walikuja kuwa Marais wa nchi yao.

KUTOKA TRAFALGAR MPAKA KABURI LA LIVINGSTONE

Uwanja wa Trafalgar una nguzo ya Amiri Nelson iliyomalizika kujengwa mwaka 1843, na simba wanne wa shaba waliowekwa chini yake mwaka 1867. Kijana aliyetoka nchi yenye simba wa kweli aliwatazama simba hao kwa tabasamu. Ng'ambo ya uwanja ni National Gallery, nyumba ya picha za mafundi wa kale, ambayo mtu huingia bila kulipa.

Karibu na saa tano na nusu alikuwa tayari amesimama mbele ya nyumba ya Malkia, Buckingham Palace, kutazama askari wakibadilishana zamu. Walivaa makoti mekundu na kofia ndefu za manyoya ya dubu, na bendi ikapiga. Aliyekuwa na baba au mjomba katika King's African Rifles aliijua gwaride njema alipoiona, naye akawahukumu askari hao kwa jicho la mtu anayeelewa.

Karibu na njia iendayo kwenye nyumba hiyo iko nyumba nyingine kubwa iitwayo Lancaster House. Mpita njia wa mwaka 1957 hakuwa na sababu ya kuitazama mara mbili. Lakini ndimo walimokutana wajumbe wa Kenya na Serikali ya Uingereza mwaka 1960, tena mwaka 1962, na tena mwaka 1963, kupanga katiba ambayo iliifikisha Kenya kwenye Uhuru tarehe 12 Desemba 1963.

Kisha alikwenda Westminster. Saa kubwa ya Bunge ilianza kufanya kazi mwaka 1859. Watu huiita Big Ben, ingawa kwa haki jina hilo ni la kengele yake, ambayo uzito wake ni zaidi ya tani 13. Mnara wenyewe una urefu wa futi 316, na tangu mwaka 2012 huitwa Elizabeth Tower. Sauti ya kengele hiyo ilijulikana na kila aliyesikiliza matangazo ya BBC kwa redio katika nchi za ng'ambo, na wanafunzi wengi walisema kuisikia mbele ya macho yao kulikuwa kama kukutana na mtu waliyemjua kwa barua tu.

Hatua chache kutoka hapo ni kanisa la Westminster Abbey, ambamo wafalme wa Uingereza huvikwa taji. Mgeni wa Afrika Mashariki hakukosa jiwe moja jeusi katika sakafu ya kanisa hilo, nalo ni la kaburi la Daktari David Livingstone. Kila mtoto wa skuli ya misheni aliijua habari ya Livingstone. Lakini mbele ya jiwe lile aliyefikiri vizuri aliuliza swali jingine: huyu alifikaje hapa?

Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1873. Watumishi wake Waafrika, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, wangeweza kumzika na kwenda zao. Badala yake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakauchukua mabegani kwa zaidi ya maili 1,000, wakipita katika maradhi na hatari, mpaka wakafika Bagamoyo mwaka 1874. Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik huko India, alisafiri na jeneza mpaka Uingereza, na siku ya maziko, tarehe 18 Aprili 1874, alikuwa mmoja wa waliolisindikiza ndani ya kanisa hilo. Susi na Chuma waliletwa Uingereza baadaye, maziko yakiwa yamekwisha.

Basi mwanafunzi aliyesimama hapo hakuwa Mwafrika wa kwanza kutoka pande zetu kuingia katika nyumba ile. Walimtangulia watu waliofanya kazi kubwa, nao majina yao hayakuwa makubwa vitabuni kama jina la waliyemchukua.

CHAI YA MCHANA, NA KANISA LILILOOKOKA MOTO

Chakula cha mchana kilikuwa kipande cha mkate na kikombe cha chai katika mmojawapo wa mikahawa ya Lyons, ambayo ilijulikana kwa bei nafuu. Chai hiyo ilikuwa na habari yake. Katika mtaa wa Mincing Lane chai ya dunia ilinadiwa London, na mnada huo, ulioanza mwaka 1679, uliendelea mpaka mwaka 1998. Majani yaliyotoka Kericho yalifika huko katika masanduku. Mkulima Mwafrika wa Kenya katika miaka ile ndiyo kwanza alikuwa akifunguliwa njia ya kulima mazao ya biashara kwa wingi, kwa mpango wa Swynnerton uliotolewa mwaka 1954, na mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, haikuanzishwa mpaka mwaka 1964. Mwanafunzi alikunywa chai ya nchi yake, akalipa, akahesabu moyoni ni sehemu gani ya peni zake itakayorudi kwa mchumaji. Wako waliochagua kusoma uchumi na ushirika kwa sababu ya hesabu kama hiyo.

Alasiri alikwenda kanisa la St Paul's, lililojengwa na Christopher Wren kuanzia mwaka 1675 mpaka 1710. Aliyepanda madaraja 257 alifika kwenye roshani ya mviringo iliyo ndani ya kuba. Hapo mtu akinong'ona karibu na ukuta, mwenziwe aliye upande wa pili, mbali kwa zaidi ya futi 100, humsikia kwa sababu sauti hufuata mzingo wa ukuta. Wanafunzi wa Kenya walijaribu kwa Kiswahili, na kuba la Wren likakipokea Kiswahili bila taabu.

Lakini alipotoka nje aliona viwanja vitupu vilivyoota magugu. Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940 ndege za Wajerumani ziliimwagia sehemu hiyo ya mji mabomu ya moto, na majumba yaliyolizunguka kanisa yakateketea. Hata katikati ya miaka ya 1950 mashimo yalikuwa bado hayajajengwa yote, na mgawo wa chakula kwa vibeti ulikuwa umekwisha mwezi wa Julai mwaka 1954 tu. Kijana aliyedhani Uingereza ni nchi isiyojua dhiki alijifunza ya kuwa mama aliyempangisha chumba alipanga mstari kwa ajili ya nyama na siagi kwa zaidi ya miaka kumi.

UKUMBI WA DANSI

Jua lilipotua, au lilipokuwa kama limetua kwa sababu ya moshi, mwanafunzi alirudi chumbani akanyoosha suti yake kwa pasi. Katika miaka ile dansi ndiyo iliyokuwa starehe kuu ya vijana wa Kiingereza pamoja na sinema. Ukumbi uliojulikana kupita zote ulikuwa Hammersmith Palais, uliofunguliwa mwaka 1919, ukafungwa mwaka 2007. Kumbi za namna hiyo zilikuwa na sakafu ya mbao iliyosuguliwa mpaka ikateleza, bendi iliyovaa nguo za namna moja, na meza ndogo kandokando.

Dansi hiyo ilikuwa na sheria. Victor Silvester, aliyeshinda mashindano ya dunia mwaka 1922, alikuwa ameandika kitabu cha kuifundisha, na bendi yake ilipiga muziki wa kipimo kisichobadilika, ambao ulitangazwa na BBC miaka mingi. Waltz huchezwa kwa mapigo matatu matatu, yapata 90 kwa dakika, na mwendo wake ni wa taratibu. Quickstep huenda mbio, mapigo yapata 200 kwa dakika. Mwanamume hutangulia kwa mguu wa kushoto, naye ndiye aongozaye. Akimkanyaga mwenzake, kosa ni lake.

Kijana wa Kenya hakuwa mshamba kabisa wa mambo hayo. Nairobi dansi za gita na tarumbeta zilichezwa Pumwani na Kaloleni, na askari waliorudi kutoka Burma walikuwa wameleta nyimbo na miondoko mipya. Lakini wengi walikuwa wamelelewa na misheni ambazo zilikataza dansi kabisa, na wengine walijua ngoma za kwao tu, ambazo wanaume husimama safu yao na wanawake safu yao. Kumshika mkono na kiuno mwanamke asiyemjua, mbele ya watu, lilikuwa jambo ambalo hakumwona baba yake akilifanya. Kwa hiyo wengi walianzia katika dansi za nyumba ya wanafunzi, ambako Mnigeria, Mjamaika, Mhindi na Mkenya walijikwaa pamoja bila kuchekana.

Waswahili husema, mcheza kwao hutunzwa. Ugenini mambo ni mengine. Katika ukumbi wa watu wote shida ya kwanza ilikuwa mlango. Kumbi nyingi zilimkaribisha kila mwenye tikiti. Nyingine zilimwambia mtu mweusi ya kuwa pamejaa, wakati watu waliokuwa nyuma yake wakiingia. Nyingine zilimruhusu iwapo tu amekuja na mwanamke wake, sharti ambalo hawakupewa wengine. Hapakuwa na sheria ya kumlinda. Mwanafunzi aliyefukuzwa mlangoni aliweza kugombana, au kurudi chumbani, au kwenda kutafuta mahali pengine.

Mahali pengine palikuwapo. Katika mtaa wa Soho, Ambrose Campbell kutoka Nigeria na wenzake wa bendi ya West African Rhythm Brothers walipiga muziki wa Afrika Magharibi, na watu wa Trinidad waliofika kwa meli katika mwaka 1948 na baadaye walileta kalipso. Hapo hapakuwa na kipimo cha Silvester. Kijana wa Kenya aliyekosa kulala usingizi kwa kufikiria mguu wa kushoto na wa kulia alicheza kama alivyocheza kwao.

DUARA MBILI

Shida ya pili ilikuwa ndani ya ukumbi. Desturi ilikuwa mwanamume avuke sakafu mbele ya macho ya wote, asimame mbele ya mwanamke, aombe kwa adabu. Mwanamke aliweza kukubali au kukataa. Kukataliwa huwapata wanaume wote, lakini mtu mweusi hakuweza kujua amekataliwa kwa sababu gani: kwa kuwa mwanamke amechoka, au kwa kuwa haipendi suti yake, au kwa sababu ya ngozi yake. Kutembea kurudi kwenye kiti chake kulikuwa safari ndefu kuliko ya Kilindini. Naye mwanamke wa Kiingereza aliyekubali aliweza kusikia maneno mabaya kutoka kwa watu wake kabla muziki haujaisha. Ushujaa haukuwa wa upande mmoja.

Ulikuwapo mchezo mmoja uliovunja mashaka hayo, uitwao Paul Jones. Wanawake hufanya duara ndani, wanaume hufanya duara nje, na duara hizo mbili huzunguka kila moja upande wake wakati bendi ikipiga. Muziki ukinyamaza ghafla, kila mtu hucheza na yule aliyesimama mbele yake. Hapana kuchagua wala kuchaguliwa. Kwa dakika chache karani, muuza duka, muuguzi na mwanafunzi wa Kenya walikuwa sawa, na bendi ndiyo iliyopanga. Wako walioondoka katika duara wakiona wamekutana na mtu mweusi. Wengi hawakuondoka. Waliuliza maswali yale yale: Kenya iko wapi, kuna baridi, umejifunza wapi Kiingereza, naye akajibu, akihesabu hatua zake kimoyomoyo.

Adabu za sakafu hiyo zilimfaa. Mwanamume alimrudisha mwanamke kwenye kiti chake, akamshukuru, akainama kidogo. Kijana aliyelelewa kuheshimu wakubwa na wageni hakuona taabu, na mara nyingi alisifiwa kwa adabu kuliko wenyeji.

Usiku ulipoisha bendi ilipiga waltz ya mwisho, kisha wimbo wa Malkia, na watu wote walisimama wima. Dakika hiyo ilikuwa nzito kwa wanafunzi wa Kenya. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Kenya mwezi wa Oktoba mwaka 1952, na haikuondolewa mpaka Januari mwaka 1960. Wapo waliosimama katika ukumbi huo huku kaka zao wakiwa katika kambi za kizuizini, na mama zao wamehamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki. Mwanafunzi alisimama kwa adabu kama wenzake. Alichokuwa akifikiri hakuna aliyemwuliza, hata yule aliyecheza naye waltz dakika mbili nyuma, ambaye huenda hakuwahi kusikia habari hizo.

YALIYOFUATA

Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba mwaka 1958 vijana wa Kizungu waliwashambulia watu weusi katika mtaa wa Notting Hill. Baada ya hapo mwanafunzi aliyetoka dansi usiku alichagua njia yenye taa, akatembea na wenzake.

Mwaka huo huo ilikuja pia habari nyingine, ambayo haikupigiwa kelele sana. Mjini Wolverhampton ukumbi mmoja wa dansi ulikuwa ukiwakataa watu weusi. Chama cha wapiga muziki kiliwaambia wanachama wake wasipige humo, kwa kuwa chama chenyewe kilikuwa na wanachama wa rangi zote. Wenye ukumbi walikwenda mahakamani kukizuia chama hicho, wakashindwa hata katika rufani. Sheria haikuwakataza bado kubagua, lakini iliwaruhusu wapiga muziki kukataa kuwa sehemu ya ubaguzi.

Tarehe 8 Novemba 1965 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kwanza dhidi ya ubaguzi wa rangi. Katika mahali palipotajwa humo ya kuwa ni marufuku kumkataa mtu kwa rangi yake, pamoja na mahoteli na sinema, palitajwa kumbi za dansi. Kuhusu vyumba vya kupanga na kazi, sheria ilingoja mpaka mwaka 1968. Ni jambo la kufikiriwa na msomaji, ya kuwa mlango wa dansi ulifunguliwa na sheria kabla ya mlango wa chumba cha kulala.

Wanafunzi wale walirudi kwao na shahada zao. Wakawa waalimu, madaktari, mawakili, maafisa wa kilimo, na wengine mawaziri. Katika ofisi walikutana na Wazungu waliobaki baada ya Uhuru, na hawakuwaogopa, kwa maana walikwisha kuwaona wakibeba vikapu, wakipanga mstari wa nyama, na wakikanyagana miguu katika quickstep. Hawakuwachukia wote pia, kwa maana walimkumbuka yule aliyebaki katika duara muziki uliponyamaza.

Mzazi ambaye leo mtoto wake yuko ng'ambo, naye husoma ujumbe wake kwa simu badala ya barua ya stempu, ana haki ya kuuliza habari za mitihani. Na aulize pia habari za Jumamosi: alikwenda wapi, alikutana na nani, na je, walimfungulia mlango? Mtoto akijua ya kuwa ataulizwa kwa wema, ataeleza, na mzazi atakuwa amepata faida ya safari ambayo ng'ombe wake waliilipia.